Matamata na Pilipili

Mkitafuta sinema ya kucheka pamoja na watoto bila kuona haya, msiende mbali. Miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst, mmisionari wa Scheut kule Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, alitengeneza michezo ya Matamata na Pilipili: mmoja mnene, mwenzake mwembamba, mfano wa Laurel na Hardy.

Kasoro yake siifichi. Ni sinema ya wakati wa Wabelgiji: padre ndiye mwalimu, Mwafrika ndiye mwanafunzi wa kukosea. Jambo hilo linaudhi, na wazazi waliseme waziwazi mbele ya watoto. Lakini wachezaji hawa wawili wanalishinda somo walilopewa. Mtu husahau fundisho, hukumbuka nyuso zao.

Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitoa filamu juu yao. Hata hivyo, hapa Goma ukimtajia kijana majina hayo, atadhani unasema habari za chakula. Na filamu za zamani huharibika kwa joto na unyevu, na wazee waliozitazama wanazidi kupungua. Tangu vita vya Januari 2025 watoto wetu wamesikia milio mingi. Kicheko wamesikia kidogo. Basi baraza la parokia liziombe michezo hiyo mapema, na siku ya kuonyesha wazee waketi mbele.