Shukrani Isiyomtaja Mpaji: Dua, Jibu na Uaminifu katika Wimbo wa Taifa wa Kenya

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, dua huchunguzwa aghalabu kama ombi. Mhakiki huonyesha jinsi mtunzi anavyomsifu Mungu, anavyojidhili mbele yake na anavyoyataja mahitaji yake. Kinachopewa nafasi ndogo ni hatua inayofuata, yaani hali ya mwombaji baada ya kupewa alichokiomba. Katika maisha ya Mkristo, hata hivyo, hapo ndipo mtihani unapoanza. Mtu mwenye dhiki huomba bila kufundishwa. Aliyeondolewa dhiki ndiye anayehitaji kufundishwa kushukuru na kudumu katika shukrani hiyo.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kupitia Wimbo wa Taifa wa Kenya. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, utungo huu ni dua inayotamkwa na watu wengi kuliko dua nyingine yoyote ya Kiswahili nchini humo, lakini ni nadra kusomwa kama shairi. Pili, neno lake la mwisho ni shukrani. Hoja yetu ni kwamba utungo huu unaufahamu vyema wajibu wa kushukuru kwa vitendo, ila unaliacha tendo la kumrudia mpaji na kumtaja. Pengo hilo linaonekana wazi zaidi pale tunapoyarudisha mahadhi ya wimbo mahali yalikotoka, yaani Wenje, katika bonde la Mto Tana.

2.0 Shukrani na Uaminifu katika Mapokeo ya Kikristo

Kabla ya kuuhakiki utungo wenyewe hatuna budi kuweka wazi kipimo tutakachokitumia. Masimulizi matatu ya Biblia yanatosha.

La kwanza ni la Hana, katika sura mbili za mwanzo za Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mwanamke huyu tasa anaomba mtoto huko Shilo na kuweka nadhiri. Anajibiwa. Anapomwachisha mtoto ziwa, anamrudisha Shilo kama alivyoahidi, na hapo ndipo anapoimba. Mfuatano huu una maana yake kifani: ombi, nadhiri, jibu, utimizaji, wimbo. Wimbo wa shukrani unakuja mwisho, baada ya nadhiri kutimizwa.

La pili ni Zaburi ya 116. Mzungumzaji ameokolewa na mauti, naye anajiuliza atamlipa Bwana nini. Jibu lake ni kuziondoa nadhiri zake mbele ya watu wote. Kwa hiyo shukrani ni jambo la hadharani, lenye mashahidi.

La tatu ni la wakoma kumi, katika sura ya 17 ya Injili ya Luka. Kisa hiki husomwa mara nyingi kama karipio kwa watu tisa wasio na adabu. Usomaji huo ni mwepesi mno. Wote kumi waliamriwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, na wale tisa waliendelea kuitekeleza amri hiyo. Hawakuasi. Walichokosa ni kurudi. Msamaria peke yake ndiye aliyeikatiza safari ya wajibu ili amrudie aliyemponya. Tofauti hii kati ya utii na kurudi ndiyo itakayotuongoza katika uchambuzi wetu.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatusaidia. Maneno imani, amana na uaminifu yana asili moja ya Kiarabu, na neno amina, ambalo kwalo Mkristo huifunga dua yake, ni la ukoo uo huo wa Kisemiti. Amana ni kitu cha mwenyewe kilichowekwa mikononi mwa mwingine. Mwaminifu ni yule ambaye, akidaiwa amana hiyo, anajua ni ya nani. Hivyo mwombaji anaposema amina huwa bado hajamaliza. Anakuwa ameanza kuwekewa amana.

3.0 Muundo wa Dua

Wimbo wa Taifa wa Kenya ulitayarishwa mwaka 1963 na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa kasisi. Si ajabu basi kwamba utungo waliotuachia una umbo la sala.

Una beti tatu, kila ubeti mishororo sita. Ubeti wa kwanza unamwita Mungu moja kwa moja na kumwomba baraka, haki, undugu, amani, uhuru, raha na ustawi. Ubeti wa pili unageuka na kuwaita ndugu, ukiwataka waamke, wafanye bidii na wawe tayari kuilinda nchi. Ubeti wa tatu unahimiza ujenzi wa taifa, kazi ya pamoja, na kuwa na shukrani kila siku.

Mambo matatu yanajitokeza tukiusoma kwa makini. Kwanza ni mabadiliko ya msemeshwa. Mungu anasemeshwa katika ubeti wa kwanza tu. Kuanzia wa pili watu wanasemezana wenyewe, na hawamrudii tena hadi mwisho. Pili ni hali ya vitenzi. Karibu vyote ni vya kuomba, kuamuru au kuhimiza. Kitenzi kimoja tu kiko katika wakati uliopo, nacho ni cha kuipenda nchi. Hakuna hata kimoja cha wakati uliopita. Hakuna mahali ambapo waimbaji wanakiri kwamba wamepewa chochote. Tatu ni sarufi ya shukrani yenyewe. Neno hilo halina yambwa. Hatuambiwi shukrani ni kwa nani wala kwa lipi. Tena halisemwi kama tendo linalotendeka. Linatajwa kama hali ambayo waimbaji wanatamani kuwa nayo. Wakati huo huo heshima, ambayo katika zaburi ingeelekezwa kwa mpaji, katika ubeti huu inatafutiwa nchi.

Yawezekana msomaji akatupinga kwa kusema kwamba wimbo wa taifa si zaburi, na kwamba nchi yenye dini nyingi haiwezi kuimba kwa sauti ya kanisa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halilifikii suala letu. Jina la Mungu limekwisha kutajwa mwanzoni, kwa namna ambayo Mwislamu na Mkristo wanaweza kuitamka pamoja. Kulirudia jina hilo mwishoni kusingemtenga yeyote. Kukosekana kwake basi hakuwezi kuelezwa kwa tofauti za dini.

Maelezo yanayoridhisha zaidi yanatokana na wakati. Utungo uliandaliwa kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, watu wakiwa bado wanaungojea uhuru. Mwombaji ambaye hajajibiwa hawezi kusema amepewa. Anachoweza ni kuahidi kwamba atashukuru. Kwa mtazamo huu shukrani ya ubeti wa tatu ni nadhiri, nayo ni nadhiri njema. Tatizo ni kwamba jibu lilikuja na nadhiri ikaendelea kuimbwa vilevile. Ni kama Hana angebaki Shilo akiomba, ilhali Samweli amekwisha kukua na anahudumu hekaluni.

4.0 Bembelezi ya Makere

Hata hivyo, wimbo si maneno peke yake. Mahadhi yake yametokana na bembelezi ya Wapokomo iliyotolewa na Mzee Meza Moroa Galana, mwenyeji wa kijiji cha Makere katika sehemu za Wenje. Bonde hili lina historia ndefu ya dini mbili. Wamisheni wa Kimethodisti walikaa Golbanti na wale wa Neukirchen kutoka Ujerumani wakakaa Ngao tangu miaka ya 1880, na Ukristo ukashika mizizi hasa miongoni mwa Wapokomo wa chini. Wapokomo wa juu wengi wao ni Waislamu. Lakini bembelezi haitokani na msikiti wala kanisa. Ni utanzu wa nyumbani, nao una mantiki yake.

Bembelezi huanza na kilio. Mtoto analia, na mlezi anamjibu kwa sauti kabla hata ya kumjibu kwa chakula. Mtoto hajui kushukuru wala hadaiwi shukrani. Kutulia kwake ndiyo imani yake. Kwa maneno mengine, bembelezi ni sauti ya anayejibu. Dua ni sauti ya anayeomba. Jopo la mwaka 1963 liliyatia maneno ya mwombaji katika mahadhi ya mjibuji. Hatudai kwamba wanajopo walilikusudia jambo hilo. Tunasema kwamba limo katika kazi yao, na kwamba kifani ndilo jambo lenye kina kuliko yote ndani yake. Kile ambacho maneno hayakisemi, yaani kwamba yupo aliyetusikia tangu kabla hatujajua kusema asante, kinabebwa na mahadhi. Hili linaafikiana na fundisho la Kikristo kwamba uaminifu wa Mungu hutangulia, na uaminifu wa mtu hufuata kama mwitikio.

Hapa pengo la ubeti wa tatu linapata sura ya kihistoria. Wimbo usiomtaja Mpaji wa mbinguni umekwenda sambamba na desturi ya kutomtaja mpaji wa duniani. Mahadhi ya Makere yanaimbwa shuleni, viwanjani na bungeni, lakini jina la Galana na la kijiji chake halikuenea kama yalivyoenea mahadhi hayo. Si kwamba Wakenya walimdharau. Kama wale wakoma tisa, waliendelea na wajibu ulioamriwa: kujenga, kuungana, kufanya kazi. Hawakurudi. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imeshuhudia jambo hili mara nyingi, ambapo utungo unapanda daraja huku fanani wake akibaki alipokuwa.

5.0 Mto, Ombi na Jibu

Isije ikadhaniwa kwamba tunaipuuza hoja ya utungo kuhusu kazi. Bonde lenyewe linaithibitisha. Ustawi unaoombwa katika ubeti wa kwanza, kwa mkulima wa Wenje, una jina moja: maji. Mpunga, mahindi na ndizi za kandokando ya Tana zimetegemea kwa karne nyingi mto ufurike na kuacha udongo wenye rutuba. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981 na la Kiambere la mwaka 1988, yaliubadilisha mwenendo huo wa mafuriko. Mto uo huo ukawapa wakazi wa mijini umeme.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame ya Kenya, Tana River ikiwa miongoni mwake. Katika ukame wa namna hiyo, kuomba mvua ni jambo la misikiti na makanisa pia. Mvua ilikuja. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi Aprili na Mei 2024, mto uliacha kingo zake, ukabomoa nyumba na kufagia mashamba. Je, aliyeomba mvua ashukuruje jibu linaloichukua nyumba yake?

Swali hili linaivunja dhana nyepesi ya shukrani kama malipo ya zawadi safi. Mwenye shamba hawezi kuyasifu maji yaliyomhamisha, wala hawezi kukana kwamba aliyaomba. Lililo mikononi mwake ni kurudi maji yakishapungua na kupanda katika tope lililobaki. Hapo ndipo mshororo wa mwisho wa utungo unapopata uzito ambao mwimbaji wa mjini ni vigumu kuuhisi. Shukrani ya kila siku, iliyofungamanishwa na kazi ya mikono, ndiyo shukrani pekee inayowezekana jibu linapokuja limechanganyika na hasara. Haingoji furaha. Kwa sababu hiyo tunaihesabu kuwa uaminifu.

Lakini mkulima huyo ana jambo moja ambalo utungo hauna. Anajua anarudi wapi, na anajua ni kwa nani alipeleka ombi lake.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Wimbo wa Taifa wa Kenya ni dua iliyosimama kati ya nadhiri na utimizaji. Nguvu yake ni kuikataa shukrani ya maneno matupu na kuiweka katika kazi ya kila siku. Udhaifu wake ni kwamba kazi hiyo haina uso wa kuelekea: Mungu ameachwa katika ubeti wa kwanza, na mpaji wa mahadhi hakutajwa popote. Kwa kipimo cha Hana, cha mtunga zaburi na cha Msamaria, utii upo lakini kurudi hakujakamilika.

Hatupendekezi utungo ubadilishwe. Nadhiri iliyotamkwa haiandikwi upya. Huondolewa, tena mbele ya watu wote. Kwa wanafunzi wa fasihi hatua ya kwanza ni nyepesi: kila tunapoufundisha utungo huu kama shairi, tuanze na Makere, Wenje, na jina la Meza Moroa Galana, kisha ndipo tufike kwenye jopo na mwaka 1963. Kwa mwamini, aimbapo ubeti wa tatu, imebaki kujaza mwenyewe yambwa ambayo sarufi imeiacha wazi.