Basi, Sensa na Mtumwa: Uhakiki wa Istilahi za Mitambo ya Viwandani

Mjadala wa istilahi za Kiswahili kwa kawaida huegemea upande wa chanzo: je, neno litolewe katika Kibantu, Kiarabu au Kiingereza? Swali hilo ni muhimu, lakini liko jingine lipaswalo kulitangulia: je, jina humwambia mtumiaji kazi ya kitu chenyewe? Istilahi za mitambo ijiendeshayo hulipima vizuri swali hili, na katika ukanda wa Thika na Ruiru, ambako husindikwa mananasi, maziwa na mafuta ya kupikia, jibu lake lina uzito. Uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza, hata katika chuo kikuu kilichoko Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Lakini wafanyakazi wa makabila mbalimbali hukutana katika Kiswahili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo na mafunzo. Maelezo yasiyoeleweka hayamkingi mtu.

Mpango wenyewe si mgumu kueleza. Katika tangi la maziwa kipo chombo kipimacho joto. Ipo valvu ifunguayo na kufunga mvuke. Na kati yao kipo chombo cha kielektroni kinachopokea kipimo, kukilinganisha na maagizo yaliyoandikwa ndani yake, kisha kuiamuru valvu. Zamani kila chombo kilivutiwa waya wake hadi chumba cha uendeshaji. Baadaye ukabuniwa mtindo wa kuunganisha vyombo vingi kwa kebo moja, kila chombo kikiwa na nambari yake.

Chombo cha kupimia kikiitwa sensa kwa kutohoa, jina hilo hugongana na sensa ya watu, kama ile iliyofanywa Kenya mwaka 2019. Kihisi hakina mgongano huo, tena kimefuata kanuni. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama hisi na dhibiti, huongezewa ki- tu. Vile vya Kibantu hupata pia -ji. Hivyo hupatikana kihisi na kidhibiti upande mmoja, na kitendaji, yaani valvu au mota ipokeayo amri, upande wa pili.

Kebo ya pamoja ina taabu kubwa zaidi. Jina lake la Kiingereza latokana na neno la Kilatini omnibus, maana yake ‘kwa wote’, lililopita kwanza katika gari la abiria. Likaongezewa neno lenye maana ya uwanja, yaani pale mitambo isimamapo. Mfasiri afuataye kamusi bila kukitazama kitu huishia kwenye ‘basi la shambani’. Thika, penye mashamba makubwa ya mananasi, msikilizaji atafikiri ni gari la kuwapeleka vibarua kazini. Njia shirikishi ni jina linalotaja kazi, nalo latosha.

Haina maana kwamba kila neno la kutohoa au kila sitiari ni kosa. Mota, pampu na swichi hazina mgongano na neno lolote. Vilevile ile lugha ya michoro iliyosanifishwa kimataifa mwaka 1993 pamoja na nyingine za vidhibiti yaweza kuitwa ngazi bila hasara, kwa sababu mchoro wake una nguzo mbili na vipago katikati, na kila mtu huviona.

Kosa zito ni jozi ya bwana na mtumwa. Utaratibu wa mawasiliano uitwao Modbus, uliotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979, ulikiita hivyo chombo kiulizacho na chombo kijibucho. Mwaka 2020 shirika linalousimamia liliyaacha majina hayo. Katika Kiswahili sababu za kuyakataa ni mbili. Ya kwanza ni historia: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya ikafutwa mwaka 1907. Neno hilo bado ni tusi. Ya pili ni maana. Yaweza kudaiwa kwamba mtumwa, kwa mzizi wake, ni mtu aliyetumwa tu. Lakini hata mzizi huo haukifai chombo hiki, kwani hakitumwi popote: hukaa kimya mpaka kiulizwe, kisha hujibu. Kiulizaji na kijibu ni majina yanayoeleza jambo hilo, nayo hufuata kanuni ileile ya kitendaji na kihisi. Kiitaji, ambalo lingeweza kupendekezwa, liko karibu mno na hitaji.

Kwa hiyo kamati za istilahi hazina budi kukitazama kitu kikifanya kazi kabla ya kufungua kamusi, na kuyajaribu majina mbele ya mafundi wa zamu. Jina ambalo fundi hawezi kulitamka kwa sauti mbele ya mashine inayovuja mvuke halijawa istilahi, hata likichapishwa.