Speke, Jinja na Kitenzi ‘Discover’

Kitenzi cha Kiingereza ‘discover’, ambacho chimbuko lake la Kilatini ni kuondoa kifuniko, hufasiriwa kwa mazoea kuwa ‘gundua’. Jinja, tafsiri hiyo inapwaya. Speke alipoyafikia maporomoko ya Nile tarehe 28 Julai 1862, aliwakuta Wasoga na Waganda wakivua samaki juu ya miamba. Yeye mwenyewe aliandika kwamba Waganda waliyaita ‘mawe’, kisha akayabandika jina la Ripon. (Bwawa la mwaka 1954 likayafunika kwa maji.) Maana kongwe ya kitenzi hicho, kuwafichulia wengine, inamfaa zaidi Speke. Kwa hiyo katika vitabu vya shule vya Uganda, ‘aliwaarifu Waingereza’ ni sahihi kuliko ‘aligundua’.