Amri Moja Iliyoipoteza Dekoda ya Bengamisa

Hapakuwa na sababu ya kufuta chipu nzima. Wengi mmeitazama ile video ya Bengamisa, maana imepita simu hadi simu mpaka mitaa ya Makiso na Mangobo ya Kisangani, na wengi mmeisifu: fundi kijana, dekoda iliyofunguliwa, kompyuta kuukuu yenye mlango sambamba, nyaya za mlango wa majaribio wa JTAG zilizolehemiwa kwenye bodi, na mwishoni taa inageuka kijani huku watu wakipiga makofi. Ninachokiona mimi ni dekoda iliyofika mezani na jeraha linalotibika, ikaondoka imepoteza kitu ambacho hakuna kebo itakayokirudisha.

Kazi ya awali ilikuwa safi. Alipima MAX232, chipu ya mlango wa serial, akaikuta imeungua kwa radi, akaona kupata nyingine ni mpaka ashuke Kisangani kwa barabara ya Buta, akahamia JTAG. Akalehemu waya wa ardhi kwanza, akapitisha mawimbi kwenye bafa ya 74HC244, na STi5518, kichakataji cha dekoda, ikamjibu mara ya kwanza.

Sasa simamisheni video pale programu inaposoma kitambulisho cha flashi, chipu ya kumbukumbu. Skrini inaonyesha 01, kisha 22C4. Ya kwanza ni mtengenezaji, AMD. Ya pili, kwa yeyote aliyewahi kushika chipu ya 29LV160, ina maana moja tu: hii ni ile yenye sekta ndogo juu. Sekta 31 za kilobaiti 64 kila moja zinaanzia chini, halafu kileleni inafuata moja ya 32, mbili za 8 na ya mwisho ya 16. Hizo nne za juu, jumla kilobaiti 64, ndiyo makao ya loda, programu ndogo inayoiamsha dekoda. Wala hapo hakuna kubahatisha. ST20 iliyo ndani ya STi5518 ikiwashwa husoma maelekezo yake ya kwanza kwenye anwani 7FFFFFFE, na flashi ya megabaiti 2 imekaa kuanzia 7FE00000 hadi ukingo huo. Hiyo ni tabia iliyorithiwa kutoka kwa transputa za INMOS wa Bristol, ambao SGS-Thomson iliwanunua mwaka 1989: anwani zina alama ya chanya na hasi, na kichakataji huanzia kwenye kilele cha upande wa chanya. Aliyeiona 22C4 juu ya bodi ya ST20 ameshaonyeshwa mahali pa kutogusa.

Na loda ilikuwa hai. Kabla hata ya kushika chuma cha kulehemia, kijana alichomeka umeme, na mbele ya dekoda likatokea neno "boot", likabaki pale. Loda iliyokufa haiandiki neno. Ile ilikuwa imeamka, imetayarisha RAM, imewasha tarakimu za mbele, imeitafuta programu kuu na kuikuta imekatika katikati, ikasimama kungoja faili. Mwenye dekoda mwenyewe alieleza mwanzoni kwamba umeme ulikatika wakati wa kusasisha. Ugonjwa ulishajulikana, na mahali pake pia: sekta za chini zilizoandikwa nusu. Kilichobaki kilikuwa kufuta sekta hizo, kuandika programu dhibiti ya modeli ileile, kuhakiki, na kufunga skrubu.

Kishale kikaenda kwenye kufuta yote.

Nimeirudia sehemu hiyo nikitafuta sababu. Hakusoma chochote kwanza. Hakuhifadhi hata baiti moja. AMD waliweka amri mbili za kufuta ndani ya chipu hii, na zinafanana kwa hatua tano: AA, 55, 80, AA, 55. Ya sita ndiyo inayozitenganisha. Ukituma 30 kwenye anwani ya sekta, inafutwa sekta hiyo peke yake. Ukituma 10, inafutwa chipu yote, na kwa kawaida kazi hiyo huisha kwa sekunde zipatazo 25. Kitabu cha chipu kimeziweka amri hizo kwenye jedwali moja. Waliobuni 29LV160 walijua kwamba fundi atahitaji kugusa hapa bila kugusa pale, ndiyo maana wakakata kilele cha chipu vipande vidogovidogo badala ya kuacha sekta moja pana. Programu aliyokuwa akiitumia kijana huyu ilikuwa na uchaguzi wa sekta kwenye menyu ileile, mstari wa jirani. Alikuwa na kila kitu: kitambulisho cha chipu, ushahidi wa loda hai, na amri inayofaa mbele ya macho yake. Na amri ya kufuta haina kurudi nyuma. Kila biti inageuka 1, chipu inasomeka FF kutoka mwanzo hadi mwisho, na kilichokuwemo kimekwenda.

Ndani ya zile kilobaiti 64 hamkuwa na loda peke yake. Katika dekoda nyingi za kizazi hicho mtengenezaji aliweka huko huko msimbo wa modeli na namba ya utambulisho. Msimbo wa modeli ndio loda inaoulinganisha na faili ya kusasisha kabla ya kuikubali. Namba ya utambulisho huandikwa kiwandani, dekoda moja moja, kwa hiyo haimo kwenye faili yoyote ya programu dhibiti ambayo mtengenezaji amewahi kuitoa. Kwenye kumbukumbu ya dekoda ilikaa mahali pamoja tu, na pamefutwa.

Akajaza dampu, yaani nakala ya flashi, ya dekoda ndugu. Ndiyo hiyo taa ya kijani iliyopigiwa makofi. Lakini tazameni tena mwisho wa video, mahali ambapo wengi mlikuwa mmeshaacha kutazama. Anafungua ukurasa wa taarifa za mfumo, na namba inayoonekana pale si ile iliyo kwenye kibandiko cha nyuma ya dekoda. Toleo la bodi nalo ni jingine. Ukurasa unafungwa, hakuna anayeuliza. Kuanzia siku hiyo dekoda inajitambulisha kwa namba ya nyingine, na mwenye nayo akitaka kuisasisha kwa faili ya modeli yake, loda ya kuazima itaikataa. Akilazimisha faili ya yule ndugu, anaingiza programu iliyoandikwa kwa ajili ya bodi tofauti, na kama tuna yake (kipokezi cha mawimbi) si ile ile, ukurasa wa mawimbi utabaki sifuri hata parabole ikielekezwa vizuri namna gani.

Najua watakaomtetea watasema nini: esansi. Kusoma megabaiti 2 kwa mlango sambamba, biti moja baada ya nyingine, kunakula muda mrefu, na jenereta iko nje inakunywa. Hoja hiyo ina uzito Bengamisa na siitupi. Lakini haimwokoi. Kilobaiti 64 ni sehemu 1 ya 32 ya chipu. Kama kuisoma yote kungechukua saa nzima, kusoma kilele chake kungechukua dakika mbili. Dakika mbili za esansi anazo mtu yeyote aliyekwisha kuwasha jenereta kwa ajili ya kulehemu. Tena uhaba wa umeme ndio ungemfanya aiogope zaidi ile 10. Jenereta ikizimika katikati ya kufuta sekta ya chini, loda bado ipo, hata kama inangoja MAX232 mpya, na JTAG ipo, una milango miwili. Ikizimika baada ya chipu kufutwa yote, umebaki na mlango mmoja, na nyaya zake umezilehemu kwa mkono kwenye bodi inayotikisika juu ya meza.

Huu ni ugomvi wangu wa zamani, na wanaonisoma wanaujua. Nimewahi kuandika juu ya biashara ya dampu sokoni, kadi za kumbukumbu zinazopita mkono kwa mkono zikiwa na mamia ya faili, jina la dekoda limeandikwa lakini toleo la bodi halikuandikwa, wala aina ya flashi, wala nani aliisoma na kutoka kwenye mashine gani. Faili ya namna hiyo humfundisha fundi kwamba dekoda zote za jina moja ni kitu kimoja. Anazoea kufuta kwanza kwa sababu anaamini kila kitu kinapatikana kwenye kadi. Kijana wa Bengamisa hakuzaliwa na tabia hiyo. Ameipata mahali, na waliompa bado wanauza.

Watengenezaji nao siwaachi. JTAG ilitokana na kikundi kilichoundwa mwaka 1985, ikawa kiwango cha IEEE 1149.1 mwaka 1990, na lengo lake la kwanza lilikuwa kupima viungo vya risasi kwenye bodi ambazo sindano za majaribio hazifikii tena. Kiwandani wanautumia mlango huo, wanaacha tundu kwenye bodi, halafu hawaandiki kando yake hata majina ya nyaya, TDI na TDO. Fundi wa Tshopo anatafuta kwa ommita, tundu moja baada ya jingine, kitu ambacho mstari mmoja wa wino mweupe ungemwonyesha. Anayelazimika kuhangaika hivyo kufika ndani, akishafika anakuwa amechoka, na mchovu hukimbilia amri fupi.

Waliotutangulia walichoka pia, lakini walisoma kwanza. Mchukueni Andrew Huang, huyu anayeitwa bunnie, alipoishika Xbox ya Microsoft akiwa mwanafunzi wa MIT. Kazi yake ya mwaka 2002 inakumbukwa kwa zile baiti 512 za siri alizozinasa kwenye njia ya HyperTransport, zilizofichwa ndani ya chipu ya MCPX. Wanaosimulia wanasahau alianzia wapi: alianza kwa kuitoa flashi na kusoma kilichomo. Ni kusoma huko kulikomwonyesha kwamba maelekezo ya kuwashia yaliyo kwenye flashi hayaelezi mashine inavyoamka, na kwamba lazima kuna kitu kingine kimejificha. Angefuta, asingejua hata kama kuna swali.

Au wachukueni wale wa Tuxbox, waliofungua dekoda za dbox2 za Nokia, Sagem na Philips na kuweka Linux ndani yake. Faili za ucode zilizoendesha chipu za picha hazikuruhusiwa kugawanywa, basi kila mwenye dekoda alizitoa kwenye flashi ya dekoda yake mwenyewe na kuzitunza kabla ya kuandika chochote kipya. Maelfu ya watu wasio mafundi wa kazi, wengine hawajawahi kushika chuma cha kulehemia, walifuata mpangilio huo kwa sababu waliotangulia waliusimamia bila huruma. Aliyefuta bila nakala aliambiwa wazi kwamba kosa ni lake.

Hapa kwetu, wazee waliokuwa wakitengeneza redio Makiso walikuwa na daftari. Kabla ya kung'oa kapasita waliandika ilikotoka na thamani yake, na kipande kibovu walikifunga kwenye karatasi wakamrudishia mwenye redio pamoja na redio yake. Hawakuwa na JTAG, hawakuwa na flashi, na hawakufuta kitu wasichoweza kukirudisha. Mkono wa yule kijana ni mzuri kuliko wa baadhi yao. Risasi yake inang'aa, viungo vyake havina pembe. Daftari ndilo analokosa.

Wako watakaosema dekoda yenyewe imezeeka. STi5518 inafungua MPEG-2 peke yake, na chaneli nyingi zimekwisha kuhamia MPEG-4, kwa hiyo nini cha kulilia? Kwa mwenye parabole na dekoda hiyo moja, chaneli chache zilizobaki na redio zinazopita kwenye setilaiti ndizo habari zake za jioni. Hakuileta kwa fundi ili ipewe namba ya mtu mwingine.

Bado kuna la kufanya, kama kijana yuko tayari kuirudisha mezani. Faili yoyote ya kusasisha isiingizwe kwanza, na kibandiko cha nyuma kisibanduliwe, maana sasa ndicho nakala pekee ya namba iliyofutwa. Itafutwe dekoda yenye toleo lilelile la bodi, herufi kwa herufi kama ilivyochapwa kando ya tuna, hata kama ni kuipandisha kutoka Kisangani. Hiyo ya kuazima isomwe kwa JTAG bila kuandikwa chochote, kuanzia 7FFF0000 hadi mwisho. Kisha ilinganishwe na ile dampu aliyoijaza, ili aone ni baiti zipi zinabeba namba na kama kuna jumla ya kuhakiki inayozilinda; namba ya kibandiko irudishwe hapo kwa mkono, jumla ihesabiwe upya. Dekoda mgonjwa nayo isomwe ilivyo sasa, pamoja na makosa yake, mara mbili, na nakala zote mbili zilinganishwe mpaka zifanane. Baada ya hapo ndipo itumwe 30, kwenye sekta moja moja za kileleni, jenereta ikiwa imejazwa.