Gari la Kuni Lina Kuni Kiasi Gani?

Anayeuziwa "Fuso moja ya kuni" ametajiwa bei, hajatajiwa kiasi. Chukua bodi yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.2, kuni zikafika kimo cha mita 1.8. Hizo ni mita za ujazo 19.8. Magogo yaliyonyooka yakipangwa yakabanana hujaza takriban asilimia 65 ya nafasi hiyo, inayobaki ni hewa. Matawi yaliyopinda yakirushwa ovyo huweza kujaza asilimia 45 tu. Kwa gari lile lile na kimo kile kile, mmoja amepata karibu mita za ujazo 12.9 za mti wenyewe, mwenzake 8.9, na wote wamelipa sawa. Ni rumbesa iliyogeuzwa: kule gunia hushindiliwa ili kumpunja mkulima, huku gari hujazwa hewa ili kumpunja mwenye jiko.

Dawa yake inajulikana. Viwanda vya chai vya nyanda za juu za Kenya, vinavyochoma kuni kwenye boila ili kunyausha na kukausha majani, hununua kwa mita ya ujazo ya kuni zilizopangwa. Nchini Marekani nako fungu la kawaida ni futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128, nalo huhesabiwa kuni zikiwa zimepangwa. Siri iko kwenye kupanga. Magogo yakatwe urefu mmoja, yalazwe upande mmoja bila kupishanishwa msalaba, kisha kimo kipimwe sehemu kadhaa na kutafutiwa wastani, kwa sababu rundo huinuka katikati na kushuka pembeni. Na futi ya kupimia ifuate magogo, isifuate bodi. Magogo ya mita 1 yakilazwa mawili mawili kukingama bodi ya mita 2.2, unabaki mwanya wa sentimita 20. Mwanya huo peke yake, katika gari letu, ni mita za ujazo 1.8 ambazo mnunuzi angezilipia bure.

Wapo wasemao kwamba mizani ingemaliza ubishi wote. Hoja hiyo ina nguvu kwa mahindi, kwa kuni haina, maana mizani haitofautishi mti na maji. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Tani yake moja ina kilo 500 tu za mti mkavu, na sehemu ya moto wake huishia kuchemsha hayo maji. Tani ya kuni zilizoanikwa mpaka maji yakabaki asilimia 20 ina kilo 800 za mti mkavu, na joto lake linakaribia mara 1.8 ya ile mbichi. Mizani basi humzawadia anayekata na kupakia siku hiyo hiyo, na kumwadhibu aliyengoja miezi kuni zikauke. Ujazo hupungua kidogo tu kuni zinapokauka, kwa hiyo mvumilivu hapotezi kitu cha maana.

Pingamizi la wauzaji ni zito zaidi: kupanga kunakula muda, na utingo hafanyi kazi bure. Ni kweli, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei waziwazi, kwa sababu leo mnunuzi anailipa bila kuiona. Ujazo nao hautofautishi muwati mzito na msonobari mwepesi, hivyo kila aina ya mti iwe na bei yake.

Wakuu wa shule na wenye matanuri ya mikate, msisaini hati ya kupokea kuni zikiwa bado juu ya gari. Zishusheni, zipangeni muuzaji akiwa hapo hapo, mpime pamoja, kisha mlipe kwa mita.