Acha Kusifu Kopo

Kuna sentensi ambayo karibu kila anayeandika kuhusu muziki wa Afrika ameiandika walau mara moja. Inasema kwamba mwanamuziki fulani ameunda ala yake kwa kopo la mafuta, waya wa breki ya baiskeli na ubao wa kreti. Hapo hapo linafuata neno "ubunifu", halafu "licha ya", na makala inahamia kwenye maisha magumu ya mpigaji. Ala yenyewe hatuisikii tena. Hatuambiwi kama inakaa kwenye sauti, kama inachosha mkono, wala kama itafika mwakani.

Mimi naona huo si uhakiki. Ni pongezi ya bei nafuu, ile tunayompa mtoto aliyechora nyumba. Fundi aliyeunda ala kwa mikono yake anastahili kile tunachompa mwandishi wa riwaya: mtu wa kuisoma kazi yake hadi ukurasa wa mwisho na kumwambia ukweli. Kwa gitaa la besi la umeme, ukurasa wa mwisho ni umaliziaji na uunganishaji: msasa, vanishi, kufunga shingo, kulehemu waya, kupanga daraja. Mbao mbili zinageuka gitaa hapo, au zinabaki mbao mbili.

Tuanze na kazi zinazojulikana. Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la marehemu Mawangu Mingiedi, walisambaa duniani katikati ya miaka ya 2000 kwa albamu yao Congotronics, iliyotolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Mna likembe tatu za umeme ndani yake: ya juu, ya kati na ya besi. Vinasa sauti vyake viliundwa kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu kundi hilo imeganda kwenye sumaku hizo. Lakini isikilize likembe ya besi bila kujua habari za vipuri. Sauti yake ni nene, inakwaruza, na inarudi mahali pale pale kila mzunguko bila kuyumba. Mkwaruzo ulikuja wenyewe, kwa sababu walitaka kusikika juu ya kelele za mtaa na vifaa vyao vilizidiwa. Kundi likaamua kubaki nao na kuujengea muziki mzima. Uamuzi huo ndio kazi ya msanii. Sumaku ni kifaa tu.

Filamu ya Benda Bilili! ya 2010, ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, ilimpa umaarufu kijana Roger Landu na satonge yake, ala ya uzi mmoja iliyotengenezwa kwa kopo, kipande cha mti na uzi wa gitaa. Kama hadithi ya safari ya watu, ni filamu yenye nguvu. Kama kumbukumbu ya ala, inamwacha mtazamaji akikumbuka kopo. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: kijana yule anapataje noti safi kwa kuukaza na kuulegeza uzi mmoja usio na alama yoyote? Jibu liko kwenye sikio na kiganja chake, na ni jambo gumu kuliko kupata kopo.

Halafu kuna Madalitso Band wa Malawi, waliopanda jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar, mwaka 2017. Yobu Maligwa anapiga babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja iliyoundwa nyumbani, akitelezesha chupa juu ya uzi. Babatoni haina freti. Ikipotoka nusu sauti, chupa inasogea na kosa linafutika kabla wewe na mimi hatujaligundua.

Wapigaji hao watatu wananisaidia kusema jambo moja kuhusu besi yenye freti. Katika satonge na babatoni, usahihi wa sauti ni jukumu la mpigaji kila sekunde. Fundi anapopigilia freti shingoni, analichukua jukumu hilo yeye. Anamwambia mpigaji asiyemjua: weka kidole hapa, noti itakuwa hapa. Ni ahadi. Leo Fender, fundi redio wa California ambaye hakuwa mpiga gitaa, alipotoa besi yake mwaka 1951 aliiita Precision, yaani usahihi, kwa sababu hiyo hiyo: freti zilimwezesha mpigaji kupata noti kamili, tofauti na besi kubwa ya kusimama isiyo na freti.

Sasa tuje Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Nimechagua wilaya za Mbulu na Hanang kwa sababu besi huko si pambo. Haydom, upande wa Mbulu, ni mahali ambapo Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na Wahadza wanakutana, na lugha zao hazina undugu hata kidogo. Kwaya ya kanisa ikikusanya sauti za watu wa namna hiyo, kitu kimoja lazima kisimame chini yao na kuwaambia nyumbani ni wapi. Kazi hiyo ni ya besi. Besi ikiwa chini kidogo, kwaya nzima inashuka nayo, na mwalimu wa kwaya atailaumu sauti ya tatu.

Tuseme basi seremala wa Dongobesh au Katesh ameamua kuunda besi. Gitaa la Fender halikutaka mchongaji wa fidla: kiwiliwili ni ubao bapa, shingo inafungwa kwa skrubu nne. Mtu aliyewahi kutengeneza kabati zuri la mninga anaweza kukata maumbo hayo. Mhakiki asimpongeze kwa kukata. Afuatane naye katika hatua zinazobaki.

Kwanza, freti. Urefu wa uzi unaotetemeka kwenye besi ya kawaida ni sentimita 86.4. Kila freti inapatikana kwa kugawa urefu uliobaki kwa 17.817. Ya kwanza inakaa sentimita 4.85 kutoka mwanzo wa uzi. Ya 12 inakaa katikati kabisa, sentimita 43.2. Kosa la milimita mbili kwenye kabati linafichwa na bawaba. Hapa halifichiki, na kwenye freti za juu, ambako nafasi ni finyu, linasikika vibaya zaidi. Daraja nalo haliwekwi kwa rula peke yake. Uzi mnene unahitaji urefu wa ziada wa milimita chache, kwa kuwa ukibonyezwa unakazika na sauti inapanda. Kipimo chake hakina siri: gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, sikiliza, kisha ubonyeze pale pale. Sauti mbili zikilingana, ahadi imetimizwa. Zikitofautiana, daraja lisogezwe.

Pili, rangi na vanishi. Hapa hali ya hewa ya wilaya hizi mbili inaingia karakanani. Nyanda za juu za Mbulu, karibu na msitu wa Nou, zina baridi na ukungu. Ukishuka bonde la Ziwa Balangida, lenye chumvi, chini ya mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, unakuta joto na ukavu. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Shingo iliyonyooka asubuhi ya masika kule juu inaweza kupinda baada ya wiki chache huku chini, nyuzi zikapanda mbali na freti au zikazilalia na kukereketa. Kwa hiyo vanishi ya gitaa ina kazi zaidi ya kung'aa: inapunguza kasi ya mbao kupumua. Inatakiwa ifunike kila upande, hata ndani ya mashimo ya vifaa na nyuma ya kichwa, sehemu ambazo mnunuzi hazioni. Na ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi, thina inaondoka haraka, ubao unapoa, maji ya hewani yananaswa, na uso unapata weupe kama maziwa. Fundi mzuri anasubiri siku kavu. Anapiga msasa namba 120, kisha 180, 240, 320, akifuata mstari wa mbao, anaziba vinyweleo kwa sila, na kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine anaacha ikauke kweli. Subira hiyo haionekani kwenye picha, na kwa sababu haionekani hatuiandiki.

Tatu, umeme. Pikapu ya gitaa ni sumaku na koili ya shaba yenye mizunguko maelfu, waya mwembamba kama unywele. Mafundi wa kusuka mota wanaujua waya wa aina hiyo. Lakini koili inanasa kila kinachopita, pamoja na mvumo wa umeme wa ukutani. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G iliyo kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ni mitetemo 49. Maana yake, Tanzania mvumo wa umeme unakaa ndani kabisa ya nyumba ya besi, karibu na noti ambayo nyimbo nyingi huishukia. Gitaa jembamba linaweza kuukwepa kidogo kwa kupunguza sauti za chini kwenye amplifaya. Besi ikipunguziwa hizo inakuwa haina kazi. Kwa hiyo waya mdogo wa ethi unaotoka kwenye daraja hadi kwenye tundu la kebo, na karatasi ya shaba inayofunika shimo la pikapu, vina uzito wa kisanii. Vikikosekana, kila wimbo una noti moja ambayo hakuna aliyeipiga.

Najua pingamizi litakalokuja: kwamba ninachukua rula ya California na kumchapa nayo seremala wa Hanang, kwamba masikio yetu yana utamaduni wake, na mkereketo ni sehemu ya uzuri. Pingamizi hili lina ukweli. Wagogo, jirani zetu wa kusini, huziba tundu la ilimba kwa utando wa buibui ili ala ikoroge kidogo inapolia. Anayeusikia ule mkorogo kama kasoro hajui anachosikiliza. Lakini angalia vizuri: utando ule umewekwa kwa makusudi, mahali pake, na ukitoboka mpigaji anaubadilisha. Freti iliyochomoza kwa sababu haikupigwa tupa haikuwekwa na utamaduni wowote. Rula ninayotaka ni ile aliyoichagua fundi mwenyewe. Akiunda babatoni, sitamwuliza habari za freti. Akipigilia freti 20, amejitia kwenye hesabu ya 17.817 kwa hiari yake, na kumsamehe hesabu hiyo kwa sababu ametoka mkoani ni kumdharau kwa tabasamu.

Kuna pesa na uhuru ndani ya jambo hili. Ubao unaobebwa na freti huhitaji mti mgumu, na mti mgumu kuliko karibu yote tunao: mpingo. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa msitu wao unaotoa mpingo. Miaka mingi mpingo wetu umesafiri kama vipande vilivyokatwa tu, na kugeuka klarineti na obo mikononi mwa watu wa mbali. Jamii nzima ya miti ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES kuanzia Januari 2017. Novemba 2019 masharti yakalegezwa kwa ala za muziki zilizokamilika, huku gogo likibaki na masharti yake. Hata sheria za kimataifa, basi, zinaweka mstari palepale ninapouweka: kati ya mbao na ala iliyomalizika. Thamani inakaa upande wa pili wa mstari, na ndiko ambako mafundi wetu hawajazoea kudaiwa.

Kumbuka pia nani alimiliki ala katika historia ya dansi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki walikuwa waajiriwa na vyombo vilikuwa mali ya chama. Utaratibu kama huo ulienea katika bendi za mashirika na majeshi. Mpiga besi aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Besi iliyoundwa na seremala wa wilayani, inayoweza kurekebishwa na seremala huyo huyo, inaweza kubadili uhusiano huo, ila kwa sharti moja: iwe besi nzuri. Nyuzi nne zilizokazwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, usiku na mchana. Shingo isiyo na chuma ndani itajikunja, na kijana aliyeinunua atarudi kuazima ya kanisa.

Kwa hiyo, ukikutana na fundi wa namna hii, usimwulize mbao alizipata wapi. Omba kebo. Washa amplifaya, usipige chochote, sikiliza kwanza ukimya wake. Kisha piga G ya freti ya tatu, panda hadi ya 12, linganisha. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo uone kama ncha za freti zinakukata. Geuza kichwa uangalie kama vanishi imefika nyuma. Halafu andika ulichokuta, kwa jina lake, kizuri na kibaya. Akisoma kwamba uzi wake wa A unapanda kidogo kwenye freti za juu, anaweza kulisogeza daraja kesho asubuhi. Akisoma kwamba yeye ni mbunifu licha ya mazingira, hana la kufanya.