Jina la Mfu: Nsyuka ya Mussa Banzi na Swali la Zimwi la Meru

Uhakiki wa filamu za kutisha za Tanzania umezoea kuanza na kuishia kwenye shutuma moja: uigaji. Nsyuka ya Mussa Banzi, filamu ya Kiswahili ya gharama ndogo iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, huingizwa kwa urahisi katika hukumu hiyo, kana kwamba ni zombi wa Marekani aliyepitia Nigeria. Makala haya yanadai kwamba shutuma hiyo inapuuza kilicho wazi kuliko vyote, yaani jina.

Kwanza, zombi mwenyewe hakuzaliwa Hollywood. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na Kikongo na lugha jirani zake, ambako lilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Haiti. White Zombie ya Victor Halperin (1932) ilimtia katika sinema. Night of the Living Dead ya George Romero (1968), iliyoigwa kuliko zote, haikulitamka neno hilo hata mara moja. Anayedai kwamba Banzi ameazima hana budi kueleza nani alimwazima nani.

Pili, Kiswahili kilikuwa na maneno yake. Kwa nini filamu haikuitwa Msukule? Msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe amefichwa na wachawi na anatumikishwa. Yeye ni mhanga, na humtia msikilizaji huruma kabla ya hofu. Kwa nini basi isiitwe Mzuka? Katika lugha ya mitaani mzuka umekuwa hamasa: mashabiki hupandwa na mzuka uwanjani. Neno limepoteza kaburi lake. Nsyuka la Kinyakyusa, linalohusiana na kitenzi ukusyuka, 'kufufuka', linaelekea kuwa na mzizi mmoja na -zuka ya Kiswahili. Kwa hiyo filamu haikuazima neno geni. Imelirudisha neno letu likiwa bado na mfu ndani yake.

Hata hivyo, hofu ya jina hilo haigawanyiki sawasawa. Mtazamaji wa Rungwe husikia maana. Mtazamaji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, husikia ugeni. Wa kwanza anaogopa anachokijua, na wa pili anaweza kujifunza kuwaogopa wanaokijua. Hapa ndipo penye hatari. White Zombie iliifanya Haiti kuwa makao ya kutisha mbele ya macho ya Wamarekani. Filamu ya Kiswahili inaweza kuwafanyia vivyo hivyo Wanyakyusa, au jamii yoyote iliyo mbali na Dar es Salaam.

Swali hili litamfikia pia mtengenezaji filamu wa Arusha. Wachaga, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kimeru, wana irimu katika ngano zao. Waarusha huzungumza Kimaa, na ngano za Kimaasai zina kiumbe ambaye nusu yake ni mtu na nusu ni jiwe. Akimwita irimu 'zimwi', mtengenezaji huyo atapata neno ambalo methali imekwisha kulifuga: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akimwacha irimu awe irimu, atapata hofu mbichi, lakini anaweza pia kuupachika mlima mzima sifa ya ushirikina.

Kigezo ninachopendekeza si uasilia, kwa kuwa hakuna zimwi asiyesafiri. Tuulize: je, filamu imewapa wenye neno nafasi ya kulieleza, kulibishia, hata kulicheka? Tukikubali kigezo hicho, uhakiki wetu utaacha kuhesabu nakala na utaanza kusikiliza lugha. Jina la Nsyuka limefungua mlango huo. Filamu itakayotoka Meru haitakuwa na udhuru wa kupita bila kubisha hodi.